Kabla Umlaani Daktari Anayegoma, Soma Hii Kwanza

Unaijua ile karatasi. Imebandikwa kwenye lango la hospitali kwa selotepu, herufi kubwa, ikisema huduma zimesitishwa hadi ilani nyingine itolewe. Bawabu amechoka kueleza. Mama mwenye mtoto mgongoni anageuka kurudi stejini, na mtu nyuma yake anatoa ule msemo ambao lazima umewahi kuusikia: "Hawa madaktari wanapenda pesa sana."

Pengine wanapenda pesa. Nani hapendi? Lakini kabla ukubaliane na huyo jamaa, nipe dakika chache. Mimi si daktari. Niliacha chuo katikati, naandika blogu, na stethoskopu nimeishika mara moja tu nikiwa naulizwa kama kifua kinauma. Sina undugu na chama chochote cha wafanyakazi. Nilichofanya ni kufuatilia hii vita kwa muda, na kuna kitu ambacho habari za saa moja huwa hazina nafasi ya kukuambia: mgomo ni sura tu. Vita vyenyewe ni vya karatasi. Nani alitia saini nini, lini, na nani anailinda hiyo saini baada ya kamera kuondoka.

Kazi hiyo ya kusukuma, kuandika, kufuatilia na kusumbua wakubwa mpaka taaluma itambuliwe na wanaoifanya waheshimiwe ndiyo inaitwa utetezi. Vuvuzela na matawi mnayoyaona barabarani ni sehemu yake ndogo sana. Na inakuhusu wewe, hata kama hujawahi kukanyaga darasa la bayolojia tangu kidato cha pili.

AHADI NI DENI, LAKINI NANI ANADAI?

Turudi nyuma kidogo. Juni 2013, wizara ya afya na chama cha madaktari, KMPDU, walitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja, ule unaoitwa CBA. Chama chenyewe kilikuwa bado kichanga, kimesajiliwa 2011. Mkataba ule haukuwa wa mshahara peke yake. Ulikuwa na mambo ya kuajiri madaktari zaidi na kuwasaidia wanaotaka kusomea ubingwa. Watu wakapeana mikono, wakapigwa picha, wakaenda nyumbani.

Halafu kimya.

Mkataba haukuwa umesajiliwa mahakamani, na serikali ikashikilia kwamba karatasi isiyosajiliwa haimfungi mtu. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Unaona vile saini inaweza kugeuka kuwa mapambo? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila mwenye deni alisema halijapigwa muhuri.

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma wakaweka chini vifaa. Walivirudia Machi 14, 2017. Siku mia moja. Katikati ya hizo siku, mwezi wa Februari, viongozi saba wa chama walifungwa jela kwa kudharau mahakama, akiwemo katibu mkuu wa wakati huo, Dkt Ouma Oluga. Walihukumiwa mwezi mmoja, wakatoka baada ya siku chache Mahakama ya Rufaa ilipoingilia kati. Kama ulikuwa shule ya upili wakati huo, labda unakumbuka ile picha ya madaktari wenye koti jeupe wakiimba nje ya mahakama.

Baadaye mwaka huo mkataba mpya ukatiwa saini, na mara hii watu walikuwa wamejifunza: ukasajiliwa mahakamani. Huo ndio CBA wa 2017 ambao utausikia ukitajwa kila madaktari wakikasirika. Uweke akilini, tutaurudia sasa hivi.

Kuna jambo lingine ambalo haliwezi kurukwa. Siku mia moja hizo hazikumuumiza waziri. Mwenye bima nzuri alienda hospitali ya kibinafsi, akalipa, akatibiwa. Aliyeumia ni yule wa mtaani kwetu, ambaye hospitali ya umma ndiyo mlango wake wa kwanza na wa mwisho. Na kabla apumue, wauguzi nao wakagoma kutoka Juni hadi Novemba 2017. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kwa hivyo mtu akikuambia mgomo ni kitu kizuri, mwambie si kizuri. Ni kitu cha mwisho. Swali ni kwa nini kila mara tunafika mwisho.

"ELFU SABINI SI PESA?"

Sasa tuingie 2024, ambayo nina hakika unaikumbuka.

Mtu akisomea udaktari anakaa chuoni miaka sita. Akimaliza, hawezi kutoka hapo na kufungua kliniki. Lazima kwanza afanye mwaka mmoja kama mwanagenzi katika hospitali, akisimamiwa. Bila huo mwaka, hapati leseni kamili. Na anayewapa nafasi na kuwapanga hospitalini ni serikali. Fikiria hiyo hali: umesoma miaka sita, umefaulu, lakini funguo za mlango wa mwisho ziko kwa mfuko wa mtu mwingine. Asipofungua, unakaa nyumbani. Wewe ni daktari kwa jina la mamako tu, anayewaambia majirani.

Wanagenzi wa wakati huo walikaa nyumbani wakingoja kupangiwa vituo. Na serikali ilipozungumza, ikasema inaweza kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi. CBA wa 2017, ule uliosajiliwa, ulisema Sh206,400.

Hapa ndipo najua umeinua nyusi. Elfu sabini! Wewe ukipewa elfu sabini saa hii utaimba mapambio. Wako vijana wenye digrii wanaosota kwa elfu kumi na tano kwa mwezi na hawana mgomo wa kwenda. Nakuelewa kabisa, na sitakuambia eti elfu sabini si pesa.

Lakini angalia tena. Swali halikuwa kama elfu sabini ni nyingi au ni kidogo. Swali lilikuwa: karatasi iliyotiwa saini na kusajiliwa mahakamani inaweza kupunguzwa hadi theluthi moja kwa sababu upande mmoja umesema hauna pesa? Kama inaweza kufanyiwa watu walio na chama, mawakili na katibu mkuu anayejua kuongea kwenye runinga, basi ule mkataba wako wa miezi mitatu uliotiwa saini kwa PDF una uzito gani? Daktari akishindwa hapo, sisi wa vibarua tumeshindwa kabla ya kuanza.

Mnamo Februari 29, 2024 wanagenzi na viongozi wao waliandamana Nairobi. Polisi wakafyatua vitoa machozi, na katibu mkuu wa KMPDU, Dkt Davji Atellah, akaumizwa kichwani. Alipelekwa hospitali, yaani mtetezi wa madaktari akawa mgonjwa wao. Mnamo Machi 14 mgomo wa kitaifa ukaanza, ukaisha Mei 8. Siku 56.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulishika. Mgomo ulipoisha, suala la mshahara wa wanagenzi halikuwa limeisha. Lilisukumwa mbele lizungumzwe baadaye. Ilibidi chama kiendelee kusumbua, kiende vikao, kitishie mgomo mwingine, hadi Desemba 2024 serikali ilipokubali wanagenzi walipwe kulingana na ule mkataba wa 2017. Hesabu hiyo: karatasi ya 2017 imekubaliwa tena 2024. Miaka saba ya kulinda karatasi moja.

Kwa kesi nyingine za aina hiyo huhitaji kwenda mbali. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, maana yake ni kwamba daktari wa kaunti moja anaweza kulipwa na jirani yake akasota. Madaktari wa Kiambu waligoma 2025 kwa karibu miezi mitano. Miezi mitano, hatua chache kutoka Nairobi.

Na ukitaka kuona vile dunia ni duara: Dkt Oluga, yule aliyelala jela 2017 akidai CBA, mwaka wa 2025 aliteuliwa katibu wa wizara anayesimamia huduma za matibabu. Sasa anakaa upande ule mwingine wa meza. Simsemi vibaya wala simsifu. Nasema hivi: kiti hubadilisha mtu anayekalia, na mtu hubadilisha kiti. Karatasi ndiyo inabaki. Ndiyo sababu vyama vyenye akili havitegemei urafiki na waziri.

MAMA WA TISHATI NA MKOBA

Sasa wacha nikuonyeshe utetezi ambao haukuwa na mgomo hata siku moja.

Kwenye ploti zetu huwa kuna yule mama, wakati mwingine ni kijana, anayepita nyumba kwa nyumba. Anajua nani ni mjamzito, nani ameacha dawa za TB, mtoto wa nani hajamaliza chanjo. Ukimwona na mkoba wake unajifanya umelala ili asikuulize maswali. Huyo ni mhudumu wa afya ya jamii.

Mpango wa afya ya jamii wa serikali ulianzishwa 2006. Kwa miaka mingi watu hao waliitwa wahudumu wa kujitolea, na "kujitolea" ni neno tamu kwa mtu asiyelijaribu. Maana yake ni kwamba unatembea juani, unapanda ngazi hadi orofa ya sita, unaandika ripoti, na mwisho wa mwezi unaulizwa na watoto umeleta nini. Pengine shirika fulani litakupa nauli na soda siku ya semina.

Hawakuwa na mwajiri wa kumgomea. Ukijitolea halafu ugome, umekaa tu nyumbani. Nguvu yao ilikuwa wapi? Kwenye daftari. Kila ziara waliandika. Wangapi walipelekwa hospitali, wangapi walijifungulia kituoni badala ya nyumbani, wangapi walirudishwa kwenye dawa. Hizo namba ndizo mashirika na watetezi wa afya walibeba hadi kwenye mabunge ya kaunti na wizarani kusema: hii ni kazi, na kazi hulipwa. Kaunti kadhaa zikaanza kupitisha sheria zao za kuwapa posho.

Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu zaidi ya laki moja nchi nzima. Walipewa mikoba yenye vifaa kama vya kupima shinikizo la damu na sukari, na simu za kuingizia takwimu. Posho yao ikawekwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu kaunti. Oktoba mwaka huo Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa saini, na kazi yao ikaingia kwenye kitabu cha sheria. Hata jina likabadilika. Lile neno "kujitolea" likaondolewa.

Elfu tano haitoshi mtu kuishi Nairobi, hilo halina mjadala. Na hata hiyo elfu tano, malalamiko ya kucheleweshwa malipo yameendelea kusikika kutoka kaunti mbalimbali. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuomba na kudai. Kabla ya 2023 mama wa mkoba alikuwa anaomba kusaidiwa. Sasa akicheleweshewa, anadai chake. Tofauti hiyo ililetwa na karatasi.

UNAYEMWITA DAKTARI SI LAZIMA AWE DAKTARI

Jaribu hii. Mara ya mwisho ulipoenda kituo cha afya cha mtaani na homa, ukaingia kile chumba, ukaulizwa maswali, ukapimwa, ukaandikiwa dawa. Ulitoka ukisema "daktari ameniambia." Kuna uwezekano mkubwa sana yule hakuwa daktari. Alikuwa tabibu, yule anayeitwa afisa wa kliniki. Wengi wao husomea Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, ambacho historia yake inaanzia 1927, miaka mitatu ya stashahada halafu mwaka mmoja wa uanagenzi. Hao ndio wanaobeba zahanati na vituo vya afya vya nchi hii mgongoni.

Kwa muda mrefu walikuwa watu wa katikati. Wanafanya kazi kubwa, lakini ukiuliza mamlaka yao yanaishia wapi, kila mtu ana jibu lake. Walipata sheria ya kwanza ya kuwatambua mwishoni mwa miaka ya themanini, na baada ya msukumo wa miaka mingi wakapata nyingine, pana zaidi, mwaka wa 2017.

Unaweza kuuliza: sheria inamsaidia nani, si ni wao tu? Hapana. Inakusaidia wewe. Taaluma ikiwa na sheria, inakuwa na baraza. Baraza linakuwa na orodha ya waliosajiliwa. Asiye kwenye orodha akikudunga sindano, amevunja sheria na kuna mahali pa kumshtaki. Visa vya madaktari bandia wenye kliniki na kibao cha rangi mbili tumevisoma vya kutosha. Bila orodha, bandia na halisi wanavaa koti lile lile jeupe.

Na matabibu hawako peke yao. Wataalamu wa lishe walipata sheria yao 2007. Washauri nasaha na wanasaikolojia, 2014. Wataalamu wa fiziotherapia, mwaka huo huo. Wasimamizi wa rekodi za afya, wale wanaotafuta faili yako ukisahau kadi, 2016. Nyuma ya kila mwaka hapo kuna watu ambao hukuwahi kusikia majina yao, waliokaa kwenye korido za Bunge na faili kwapani, wakimngoja mbunge atoke chai. Hakuna aliyewapigia makofi. Lakini leo ukivunjika mguu na ufundishwe kutembea upya, anayekufundisha lazima awe na leseni. Hiyo ni kazi yao.

Usifikiri pia kwamba watetezi wa afya ni familia moja yenye upendo. Taaluma zenyewe huvutana. Nani anaruhusiwa kuandika dawa gani, nani anafaa kusimamia kituo, nani atie sahihi kwenye fomu. Bima ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, matabibu walilalamika kwamba mfumo mpya umewaacha nje, na mwanzoni mwa 2025 wakagoma. Madaktari wana hoja zao kuhusu usalama wa mgonjwa, matabibu wana hoja zao kuhusu nani hasa yuko kijijini saa nane usiku. Ukisikia mvutano kama huo, usikimbilie kuchagua timu kama ni Gor na Ingwe. Jiulize swali moja: hili wanalodai, likipatikana, mgonjwa wa mtaani atahudumiwa haraka na salama zaidi, au ni cheo tu? Wakati mwingine jibu ni yote mawili. Wakati mwingine ni cheo tu. Utetezi mzuri unaweza kujibu hilo swali bila kukasirika.

WALIOAJIRIWA WAKATI WA CORONA

Kuna kundi moja ambalo linastahili aya zake, kwa sababu wengi wao ni rika letu.

Mwaka 2020 corona ilipoingia na kila mtu akajifungia, serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mkataba chini ya mpango wa afya kwa wote, UHC. Wauguzi, matabibu, watu wa maabara. Sisi tukiwa ndani tunajifunza kuoka mkate na kucheza TikTok, wao walikuwa wamevaa yale mavazi ya plastiki. Tuliwaita mashujaa. Nadhani hata uliwapigia makofi kwa dirisha.

Mkataba ukaisha, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Wakabaki wanafanya kazi sawa na mwenzao wa kudumu aliye kitanda cha pili, kwa malipo madogo kuliko yake, bila kujua mwaka ujao watakuwa wapi. Hivi unachukuaje mkopo wa kiwanja? Unamwambiaje mkwe wako? Mwaka wa 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya wizara, wakalala pale kwa majuma, wakidai ajira ya kudumu. Serikali kuu ilisema wahamie kaunti. Kaunti zikauliza pesa ziko wapi.

Linganisha na madaktari. Wenye CBA wana karatasi ya kupeleka mahakamani. Hawa walikuwa na sifa tele na mkataba mwembamba. Makofi hayasajiliwi popote. Hilo ndilo somo la bei ghali ambalo kizazi chetu kinapaswa kuelewa, awe anafanya kazi hospitalini, kwenye kampuni ya teksi za mtandaoni au anapeleka vyakula kwa bodaboda. Ukiitwa shujaa, shukuru, halafu uliza imeandikwa wapi.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usiniambie hauna la kufanya. Mambo ni machache na hayahitaji digrii, nakuambia mimi nisiye nayo.

Kama unasomea KMTC, uuguzi, famasia au chochote cha afya, usingoje uhitimu ndipo ujue chama chako kinaitwaje. Soma sheria ya taaluma yako. Soma CBA inayokuhusu, kama iko. Hakikisha unajua kipengele kinachosema utalipwa nini na uanagenzi wako utachukua muda gani. Wengi hulia kwenye X kuhusu haki ambayo hawajui iko ukurasa gani.

Kama unafanya kazi, andika. Wahudumu wa jamii wametufundisha hilo. Vitanda vingapi, wagonjwa wangapi, muuguzi mmoja kwa wangapi, dawa ziliisha siku gani. "Tumechoka" ni hisia, na kiongozi anajua kusubiri hisia ipoe. Namba haipoi.

Kama wewe ni mgonjwa tu, na sote tuko kwenye hiyo foleni, una nguvu ambayo madaktari hawana: huwezi kuambiwa unajitetea tumbo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya ya kiwango cha juu iwezekanavyo. Cha 37 kinakuruhusu kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Cha 119 kinasema mtu yeyote anaweza kupeleka ombi Bungeni, na mtu yeyote ni pamoja na wewe wa roshani ya tatu. Na usidharau bajeti ya kaunti. Mwelekeo wa matumizi hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili. Umma hualikwa kutoa maoni. Ukumbi huwa una wazee kumi na viti mia mbili vitupu. Hapo ndipo huamuliwa kama zahanati yenu itaongezwa muuguzi au MCA ataongezewa safari. Ukingoja Juni uandike kwa herufi kubwa mtandaoni, umefika baada ya pilau kuisha.

Na mgomo ukitangazwa, kabla ufungue mdomo au simu, uliza maswali matatu. Kuna karatasi iliyotiwa saini? Nani hajaitimiza? Amepewa muda gani? Ukipata majibu, unaweza kukasirika na mtu sahihi. Wakati mwingine atakuwa gavana. Wakati mwingine wizara. Wakati mwingine, ndiyo, atakuwa chama chenyewe kilichokataa kusikia. Lakini hasira isiyojua anwani huishia kwa muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki pale.

Uanagenzi utakuja tena mwaka ujao, na kundi lingine la madaktari wapya litangoja nyumbani barua za vituo vyao. Mama wa mkoba atapanda ngazi za ploti yenu wiki hii au ijayo. Akibisha, fungua mlango, mjibu maswali yake. Halafu muulize lako moja tu: posho ya mwezi uliopita iliingia? Kama haikuingia, sasa unajua ni sheria gani imevunjwa, na unajua ofisi mbili za kuuliza.